Kocha, Weka Mikono Mfukoni

Jumamosi moja nilipanda matatu kutoka Migori hadi Homa Bay kutazama vijana wa mtaani kwetu wakicheza besiboli. Ikafika zamu ya mwisho. Tunaongoza kwa alama moja, wenyeji wana watu wawili kwenye besi. Mpigaji wao ameshakosa mipira miwili ya kasi. Akikosa wa tatu, mechi imeisha. Na yote miwili alichelewa: gongo linazunguka wakati mpira ushatua kwenye glavu. Hata mimi niliyekuwa nyuma ya seng'enge niliona.

Mdakaji wetu, kijana wa miaka 13, aliona zaidi. Lakini akageuza shingo, akatazama benchi. Kocha akagusa kofia, akagusa sikio, akagusa kofia tena. Maana yake: rusha wa polepole.

Polepole, kwa mtu anayechelewa! Hiyo ni kumrudishia basi mtu aliyeachwa stendi. Mpira uliruka hadi kwenye mahindi, tukapigwa. Na kocha? Akamfokea mtoto mbele ya watu wote.

Baadaye nikamuuliza, "Si uliona anachelewa?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukuitisha wa kasi?"

"Braza, mimi siitishi. Mimi hudaka tu."

Mimi hudaka tu. Ugomvi wangu ni na hayo maneno, na mtu aliyemfundisha kuyasema.

Kuchagua mpira wa kurusha si uganga. Ni kutazama. Mdakaji anachuchumaa hatua moja hivi nyuma ya mpigaji. Anaona mguu umesogea, vidole vimekaza gongo, mtu anahema. Anaujua mkono wa mrushaji wake wa leo, si wa wiki jana: mpira wa kupinda unapinda, ama umegoma. Kocha yuko kivulini, pembeni, mbali. Halafu yeye ndiye anaamua?

Makocha watasema hawa ni watoto, watakosea. Sawa, watakosea. Kwani benchi halikukosea? Mtoto akikosea kwa uamuzi wake, usiku ana kitu cha kufikiria. Akikosea kwa uamuzi wako, anajifunza kubeba lawama ya mkubwa. Hilo somo tunalo tayari, shuleni na maofisini, na tumelifaulu vizuri sana.

Kwenye ligi kuu ya Marekani, tangu 2022 mdakaji anaruhusiwa kubonyeza kifaa na mrushaji akasikia uchaguzi ndani ya kofia. Hata hapo, mrushaji ana haki ya kukataa. Na tangu 2023 kuna saa: besi zikiwa tupu, sekunde 15 tu. Mjadala ni wa wawili walio uwanjani, na ni wa haraka.

Sisemi kocha anyamaze. Afundishe mazoezini. Kati ya zamu amuulize mdakaji: ule uliuitisha kwa nini? Na kuna uamuzi mmoja ambao ni wake kabisa: lini mkono upumzike. Kanuni za Little League zinampa mrushaji wa miaka 11 au 12 mipira 85 kwa siku, basi. Hapo mtoto akisema "bado niko poa", usimsikize. Lakini siku ile kocha wetu aliamua kila mpira, na sikuona mtu yeyote benchini akihesabu hata mmoja. Tumeshika usukani wa watoto na kuacha breki zetu wenyewe.

Upande wa pili wa ziwa hili hili kuna Lugazi. Mwaka 2012 watoto wa huko walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza michuano ya dunia ya Little League kule Williamsport, wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Wetu nao wanaweza kufika mbali. Wakifika, watakutana na wapigaji ambao wewe hujawahi kuwaona. Nani atawasoma, kama kila siku walikuwa wakisoma kofia yako?

Kwa hivyo Jumamosi ijayo, kocha, kaa chini. Weka mikono mfukoni. Na kama mpira utaruka tena hadi kwenye mahindi, subiri mtoto arudi benchini, umuulize aliona nini.