Kukata waya wa taa za lori ni hasara, si akiba

MALORI yenye taa zinazojiwasha zenyewe si kitu kigeni tena katika barabara za Arusha. Magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani na Ulaya yanazidi kuja na kifaa kidogo karibu na kioo cha mbele, ambacho hupima mwanga na kuwasha taa pindi giza linapoanza kuingia.

Hata hivyo, baadhi ya wamiliki humtaka fundi umeme akate waya au achomoe rilei ili taa ziwake pale tu dereva atakapoamua. Sababu zao ni tatu: taa zinamaliza betri, zinakula mafuta, na zinasumbua wakati wa kupakia. Sababu hizo zinastahili kupimwa, kwa kuwa mfanyabiashara mdogo hana shilingi ya kuchezea.

Kuhusu mafuta, hesabu ni nyepesi. Taa mbili za mbele za lori la volti 24, zenye balbu za wati 70 kila moja, hula wati 140. Kuzalisha umeme huo kwa altaneta hugharimu takriban lita moja ya dizeli kwa saa 10 za kuwasha taa. Hiyo ndiyo akiba yote inayotafutwa, na hata hiyo haipatikani usiku kwa sababu taa lazima ziwake.

Kuhusu betri, taa za kujiwasha zikiwa nzima huzimika ufunguo unapotolewa. Zinazomaliza betri ni zile za gari lililoachwa na ufunguo umewashwa, injini imezimwa na redio inaimba. Katika hali hiyo betri za ampea 100 zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake kwa saa sita au saba. Dawa yake ni nidhamu ya dereva na utingo. Kukata waya hakutibu chochote hapo.

Sababu ya tatu ndiyo yenye uzito. Mfugaji wa Terrat anayepakia ng'ombe alfajiri anafahamu kwamba mnyama akimulikwa usoni husita na kugoma. Lakini hata hapo njia ipo. Magari mengi huruhusu taa kuzimwa kwa swichi yakiwa yamesimama. Tatizo ni kwamba kitabu cha maelekezo mara nyingi kimeandikwa Kijapani na hakuna anayekisoma. Gari lisilo na nafasi hiyo linaweza kufungiwa na fundi mwenye ujuzi swichi inayozima taa za mbele handibreki ikiwa imevutwa tu, na kuzirudisha mara lori linapoondoka. Taa za nyuma zisiguswe kabisa.

Ikumbukwe kwamba giza la Arusha halibishi hodi. Jua likishazama kwenye saa 12 na nusu jioni, mwanga wa kuonea hubaki kwa dakika 20 hivi. Huo ndio muda ambao mifugo inarudishwa nyumbani Terrat, wanafunzi na kina mama wako pembezoni mwa barabara, na bodaboda zinakimbizana na abiria wa mwisho. Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka, ameshakwenda mita 33 kabla mguu haujagusa breki. Asiyeonwa mapema hana nafasi.

Nchi nyingine zimeshalitambua hilo. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2012 kutaka malori mapya yawe na taa za mchana. Japani iliweka sharti la taa za kujiwasha kwa magari ya muundo mpya mwaka 2020, likafuata la malori na mabasi mwaka 2021. Si busara kulipia kifaa hicho bandarini, kisha kulipa tena fundi akiue.

Pamoja na hayo, kifaa hicho hakimwondolei dereva wajibu. Kinapima mwanga, hakipimi vumbi wala ukungu. Vumbi la kiangazi likitanda Terrat saa nane mchana, au ukungu wa Juni ukishuka kutoka Mlima Meru, taa zinaweza zisiwake. Tena katika baadhi ya magari taa za mchana huwaka mbele tu, nyuma kukabaki giza. Dereva lazima aziwashe kwa mkono. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimhukumu rilei. Anayewajibishwa ni mwenye usukani.

Mkulima anayekodi lori naye ana sauti. Kabla ya kukubaliana bei ya kupeleka nyanya au mahindi soko la Kilombero, azunguke gari na kuhakikisha taa za mbele, za nyuma na za breki zinawaka. Lori likigongwa kwa nyuma gizani, mzigo unaomwagika ni wake.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Wamiliki waache kukata nyaya, mafundi wakatae kazi hiyo, na waliokwisha kukata warudishe kabla ya msimu wa mavuno.