Mujane mbele ya tribinali

Je, Mukristo anaweza kushitaki ndugu yake kwa tribinali? Ulizo hili linarudi kila mara baba wa nyumba anapokufa. Kilio hakijaisha, na baba wadogo wa watoto wanauliza makaratasi ya parseli na feza za mwisho za kampuni.

Zamani nilikuwa ninajibu mbio: hapana, soma 1 Wakorinto 6. Nilimuambia mujane mumoja vile, angojee wazee wa kanisa wapatanishe. Tulikutana mara tatu. Mara ya ine nyumba ilikuwa imekwisha kuuzwa. Katika sura ileile Paulo anakaripia na wale wanaonyanganya ndugu zao. Mimi nilisoma nusu tu.

Basi muanze na wazee, ndiyo, lakini muwape siku. Wakishindwa, muende. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawapa watoto sehemu tatu kwa ine za uriti, na mujane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na mume wake. Mambo hayo yanaamuliwa kwa tribinali ya amani, ile tunaita Tripaix. Peleka karatasi ya kifo, ya ndoa, za kuzaliwa kwa watoto, na ya parseli. Fotokopi tu! Zenyewe zikae pahali salama, na hapana kwa shemeji.

Usiogope Kifaransa. Wewe eleza, grefie ndiye anaandika mashitaki. Avoka anasaidia, lakini si lazima. Utalipa feza ya kufungua dosie. Omba karatasi ya malipo. Kama huna kitu, omba komini ikuandikie karatasi ya umasikini, mwamuzi ataiangalia.

Kisha uisie anawapelekea mwito, na siku 8 zinapita mbele ya kusikilizwa. Siku ile usishangae ukiambiwa: «Murudi juma lingine.» Utaambiwa vile tena na tena. Hapo wengi wanachoka, na mashemeji wanajua. Hata hukumu ikitoka, aliyeshindwa ana siku 30 za kufanya apeli, tangu alipoletewa hukumu.

Kwa hiyo, mama, usiende peke yako. Muchukue kijana wako mukubwa. Na sisi wachungaji na wazee, mumoja wetu aende kuketi naye kwa benchi, hata kama ni kungojea mpaka saa tisa.