Taa za London na Shingo za Waswahili

Kila ifikapo Novemba, taa za Krismasi huwashwa katikati ya London, na Waswahili waishio Uingereza hufunga safari kwenda kuzitazama. Watoto hubebwa mabegani, simu huinuliwa, na baada ya siku chache maandishi huanza kutoka. Maandishi hayo ni ya namna mbili. Ya kwanza hustaajabu: malaika wa Regent Street wametanda mbawa juu ya mabasi mekundu, na msimulizi amekosa maneno. Ya pili hulaumu: taa ni mtego, na Mswahili aliyekwenda kuzitazama ameiacha imani yake stesheni. Kambi hizi mbili hujiona mahasimu, ilhali ni ndugu wa tumbo moja. Zote zimeinua shingo juu, wala hakuna iliyotazama chini.

Anayelaumu hudhani kwamba anapambana na dini. Historia haimuungi mkono. Taa za Regent Street ziliwashwa mara ya kwanza mwaka 1954, mwaka uleule ambao Uingereza ilimaliza kugawa chakula kwa kadi baada ya vita. Waliozigharimia hawakuwa mapadri, bali wafanyabiashara wa mtaa huo waliotaka wateja warudi madukani. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Wenye maduka hawakutaka kungoja. Oxford Street ikafuata mwaka 1959. Katika miaka ya 1970, fedha zilipokuwa haba, Regent Street ilikaa miaka kadhaa bila mapambo. Krismasi ilikuja kila mwaka, taa hazikuja. Hoja hiyo peke yake yatosha kuonyesha taa hizo ni za nani.

Anayestaajabu naye hupotea kwa kuchanganya mambo. Hatua chache kutoka madukani, katika uwanja wa Trafalgar Square, husimama mti ambao jiji la Oslo limeuleta kila mwaka tangu 1947, kuwa shukrani kwa msaada ambao Norwei ilipata Uingereza wakati wa vita. Taa zake ni chache, zimening'inizwa wima, na watu wengi huziona hafifu. Mti huo una kumbukumbu. Barabara ina bei. Msimulizi anayevisifu vyote viwili kwa pumzi moja hajasimulia safari, amesoma tangazo la biashara kwa sauti nzuri.

Mwaka 2023 eneo hilohilo la West End lilipambwa kwa taa za Ramadhani kwa mara ya kwanza. Baadhi ya waliolaumu wakashangilia. Basi ugomvi haukuwa juu ya taa, ulikuwa juu ya jina lililoandikwa kwa taa hizo. Swali la nani hulipa, nani huuza, na nani hufagia likabaki bila mwenyewe.

Ndilo swali ambalo fasihi ya Kiswahili ya ughaibuni inalikwepa. Umati ukishaondoka, barabara hubaki na makaratasi, vikombe na wafagiaji. Madukani wamo walinzi waliosimama tangu asubuhi. Jikoni mwa mahoteli wamo waosha vyombo. Tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi na mabasi ya London hayaendi, lakini wazee katika nyumba za kulelea wanahitaji kuamshwa, kuogeshwa na kulishwa. Anayekwenda kuwahudumia hutembea kwa miguu gizani, au hulipa teksi kwa ujira wa saa kadhaa. Wengi wa watu hawa ni wahamiaji, na Waswahili wamo miongoni mwao. Wapo kila mahali isipokuwa katika maandishi ya Waswahili.

Upofu huu hauna udhuru wa kukosa mfano. Salim bin Abakari aliandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, akiwa mtumishi wa Mjerumani. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten, na ni kweli kwamba yalipita katika mikono ya kikoloni. Hata hivyo, aliyeshika kalamu alikuwa mtumishi. Zaidi ya karne moja baadaye, mjukuu wa lugha hiyohiyo anashika kalamu kama mteja.

Atakuwepo wa kusema kwamba familia iliyochoka ina haki ya kufurahia usiku mmoja bila kuhutubiwa. Haki hiyo haina mpinzani. Mtoto na acheke, picha na zipigwe. Lakini kufurahia ni jambo moja, na kuandika ni amana. Usisafirie nyota ya mwenzio, yasema methali, na nyota za Regent Street ni za mwenye duka. Mtoto aliyebebwa begani atakua akisoma kwamba London ya wazazi wake ilikuwa taa tupu, na hatakuta sentensi moja ya Kiswahili kuhusu mama yake aliyekuwa kazini usiku ule.