Alimwacha Melini? Sakata la "Nenda Tu" na Siku 14 za Visiwani

Kipande cha dakika moja kimewatoa watu povu wiki hii. Staa wa kike wa filamu za Bongo, aliyeolewa miaka minne iliyopita, alikaa laivu karibu saa nzima akikumbushia safari ya meli ya kitalii aliyofanya na mumewe mwaka jana, siku 14 kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi. Kaongelea vyakula, kaongelea kutapika, kaongelea mpaka kucha iliyong'oka kwenye ngazi za bwawa. Kilichokatwa na kusambazwa ni sentensi moja: meli ilipofika Réunion, mume alishuka, yeye akabaki.

Basi! Ndani ya saa chache mume kashaitwa mbinafsi, limbukeni, mwanaume suruali. Wengine wameshampa mke talaka yake na kumtafutia mume mpya. Majina hayatajwi hapa, na wanaojifanya wanawajua wakae nayo moyoni.

Safari yenyewe kwanza, maana wengi waliotukana hawajaangalia ile laivu. Wawili hawa walitoka Dar, wakapitia Nairobi, wakapanda meli Port Louis, Morisi. Kutoka hapo ni siku mbili za bahari tupu kwenda Shelisheli. Mawimbi, na hakuna pa kukimbilia. Chumba chao kilikuwa cha ndani, kile cha bei nafuu kisicho na dirisha. Ukizima taa hujui kama ni saa nane usiku au saa nane mchana. Mrembo anasema siku ya pili alikuwa amelala chini bafuni amekumbatia ndoo, na mume amekaa mlangoni anamshikia nywele. Nywele zenyewe za bandia, bado kazishikilia. Hiki kipande hakuna aliyekikata akakisambaza.

Shelisheli wakapona. Walivuka na boti ya mwendo kasi kutoka Mahé mpaka Praslin, wakaingia Vallée de Mai, msitu ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 1983, kuona ule mnazi wenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani. Mbegu moja inaweza kufika kilo 25, na umbo lake kila mtu anajua linafanana na nini. Ile picha yao wamesimama na mbegu, mke anacheka mpaka macho yamefunga, ndiyo iliyopigiwa makofi mwaka jana na watu hawa hawa wanaotukana leo.

Halafu Nosy Be, Madagaska. Hapa laivu ilikuwa tamu kweli. Bibie anasimulia walivyoingia sokoni bila kujua Kimalagasi hata neno moja, halafu mama muuzaji anataja akoho, kumbe anamaanisha kuku. Omby, ng'ombe. Ondry, kondoo. Lugha ile asili yake ni ya watu waliovuka bahari kutoka upande wa Indonesia ya leo, lakini mifugo wameitaja kwa maneno yaliyotoka pwani ya Afrika, na Mswahili akisimama sokoni pale anasikia watu wa nyumbani. Mume alijifanya mkalimani soko zima. Wakanunua vanila, kifurushi kizima, wakarudi melini wananuka keki.

Kwa hiyo mpaka siku ya tisa mambo safi. Ilikuwa Februari, na upande ule msimu wa vimbunga huanzia Novemba mpaka Aprili, hivyo bandari moja ya Madagaska ikarukwa kwa ajili ya hali ya hewa. Siku iliyotakiwa kuwa ya nchi kavu ikageuka siku nyingine ya bahari. Wakagombana kuhusu chaja. Chaja! Mtu yeyote aliyewahi kuishi chumba kimoja na mwenzake anajua kwamba chaja haijawahi kuwa chaja.

Ndipo ikaja Réunion.

Hapa lazima watu waelewe kitu ambacho povu limekifunika. Réunion ni Ufaransa. Siyo nchi rafiki ya Ufaransa, ni mkoa wa Ufaransa kamili tangu 1946, na duka la pale linapokea yuro. Lakini haimo kwenye eneo la Schengen, kwa hiyo ina utaratibu wake wa viza, na pasipoti ya Tanzania haikupitishi bila hiyo viza. Shelisheli na Morisi Mtanzania haangaiki na viza ya ubalozini. Réunion anaangaika. Mume ni mzaliwa wa Tanga, lakini kaishi Ujerumani tangu ana miaka 19 na pasipoti yake ni ya huko. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo ya hapa alishairudisha zamani. Yeye pale anashuka kama anaenda dukani. Mke anaishia kwenye ngazi ya meli.

Kampuni ilimkubalia mke apande kwa sharti moja: Réunion hashuki. Kuna kampuni zingine zingemkatalia safari nzima tangu Port Louis, kwa hiyo hata hilo ni bahati.

Asubuhi hiyo, kwa maelezo ya mke mwenyewe, mume alisema: "Basi na mimi sishuki." Mke akajibu: "Nenda tu."

Nenda tu. Maneno mawili, na taifa zima limegawanyika. Upande mmoja unasema mwanamke akisema nenda tu maana yake ukithubutu utanijua. Upande mwingine unasema mtu mzima kasema nenda, kaenda, kosa liko wapi? Ukweli ni kwamba "nenda tu" ina sauti tatu au nne, na aliyekuwepo chumbani ndiye aliyeisikia ni ipi. Mke kwenye laivu alisema wazi: "Nilimaanisha aende. Nilikuwa nimemchoka." Kacheka aliposema hivyo. Baada ya siku 12 ndani ya chumba kisicho na dirisha, nani asingemchoka mwenzake? Kutwa ile meli ilikuwa karibu tupu, akalala mpaka saa sita, akaogelea peke yake, akala mara mbili. Anasema ndiyo siku aliyopumzika kuliko zote.

Kwa hiyo kesi ya "alimtelekeza" inakufa hapo. Mume kupanda basi la watalii kwenda kuona volkano ya Piton de la Fournaise si usaliti. Ndoa haina kifungu kinachosema mmoja akikosa viza wote wakae ndani waangaliane. Wangekaa, jioni ingekuja chaja nyingine.

Lakini mume hatoki bila doa, na doa lake si lile watu wanalolipigia kelele.

Mchana ule mke alilipia bando la melini ampigie mama yake. Bando la melini siyo la vocha ya buku, linauma. Kafungua simu, na kitu cha kwanza kilichojitokeza siyo mama. Ni mume, amesimama pale juu kwenye lile jangwa jekundu la mawe ya volkano, mikono imepanuliwa, na kapsheni inasema maisha ni haya haya. Wafuasi wa mke wakaanza kuuliza: wifi yuko wapi? Mbona uko peke yako? Mmeachana? Mke kabaki anajibu maswali ya watu 300 akiwa na taulo kichwani, mama hajapigiwa.

Hapo ndipo palipouma. Kwenda alimruhusu. Kutangaza hakuulizwa. Kama unajua mwenzako kazuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi ya jalada la pasipoti yake, ile furaha yako unaweza kuiweka mfukoni saa sita tu, mpaka jioni, ukamwonyesha picha mkiwa wawili kitandani. Saa sita si nyingi. Mume aliposti saa sita mchana kwa sababu alizoea kuposti, na mazoea hayo si yake peke yake. Nusu ya wanaomtukana wangeposti wakiwa bado kwenye basi.

Na kuna jambo la nyuma zaidi, ambalo hata mke alilipita haraka. Safari nzima ilikuwa sapraizi. Mume alilipia kimya kimya, akamwambia mkewe zimebaki wiki mbili, na mke akapiga kelele za furaha mbele ya kamera. Wiki mbili kwa viza ya Ufaransa, na bado hujapata miadi ubalozini? Kwa mtu mwenye pasipoti ya Ujerumani sapraizi ni zawadi. Kwa mtu mwenye pasipoti ya Tanzania sapraizi ni kunyimwa muda wa kukusanya barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Mume hakufanya kwa ubaya. Amesahau tu jinsi ilivyo kusafiri na pasipoti aliyoirudisha. Kosa la Réunion lilifanyika sebuleni miezi minne kabla, siku alipobonyeza kitufe cha kulipa bila kuuliza swali moja.

Kinachokera zaidi ni hiki. Kwenye laivu mke alisema Réunion ndicho kisiwa alichokitaka kuliko vyote, kwa ajili ya maloya, ule muziki wa ngoma ulioanzishwa na watumwa kwenye mashamba ya miwa, ambao UNESCO iliutambua mwaka 2009. Bibie asili yake ni Kilwa. Karne ya 18 Wafaransa walinunua watu Kilwa wakawapeleka visiwa hivyo hivyo, Morisi na Réunion, na hakuna aliyeulizwa viza wala taarifa ya benki. Sasa mjukuu kafika bandarini kwa hela zao, anaangalia milima kutoka sitaha ya juu kama anaangalia televisheni. Kuhusu hilo povu halijatoka hata tone. Ni rahisi kumtukana mume wa mtu kuliko kuuliza kwa nini mlango uko wazi kwa mmoja na umefungwa kwa mwingine, wakati wote wamezaliwa pwani moja.

Jioni mume alirudi na begi dogo. Ndani yake vanila. Kasimuliwa na mtembeza watalii habari za Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani pale, ambaye mwaka 1841 aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba, mbinu inayotumika mpaka leo. Kaja na hadithi, kaja na macho yanang'aa, kalipia kwa yuro. Mke akafungua droo, akamwonyesha kifurushi cha Nosy Be. Vanila ile ile, sehemu ndogo ya bei. Wakanyamaza wote wawili. Kisha mke akamwambia lile la posti, na la wiki mbili, na la Kilwa. Anasema waliongea mpaka meli ikafunga gati Port Louis asubuhi, na hajawahi kuongea naye hivyo tangu wafunge ndoa. Mume aliifuta ile video usiku huo huo, bila kuambiwa.

Bado wako pamoja, kwa wale walioshaandaa talaka. Mwaka huu wanapanga safari nyingine na mke ndiye anayeshika makaratasi yote. Miadi ya ubalozini keshachukua, ya kwake. Mume kaambiwa kazi yake ni moja, kubeba mabegi, na simu ataikabidhi mlangoni.

Haya wadau, mwenzako kakwambia nenda tu, na volkano inakusubiri. Unashuka, au unabaki?