Msimamizi wa Kundi Awajibike

Kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa sehemu kubwa ya mji wetu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Watu wengi walikufa, maelfu wakabaki bila makao. Maji ya milima yetu hayabishi hodi. Aliye juu akiona mto umebadilika, aliye chini ana muda mfupi tu wa kubeba watoto. Leo muda huo unategemea simu, kwa sababu kutoka Kavimvira hadi Kalundu habari za kartye hupita kwanza katika makundi ya WhatsApp.

Makundi hayo yanaendeshwa vibaya, na wa kwanza kuulizwa ni wasimamizi wake.

Ukifungua kundi la kartye asubuhi unakuta matangazo ya vitenge, maombi, rambirambi, mabishano ya siasa, na odio ndefu za watu wasiojitaja. Mwanakundi akichoka, analinyamazisha. Hatumlaumu: simu imejaa, na mega zinanunuliwa kwa pesa ya unga. Lakini siku mto utakapopanda, onyo la kweli halitamfikia. Kwamba uongo unaua, kila msimamizi anakubali. Kelele pia zinaua, na hilo wengi hawataki kulisikia.

Dawa wanayo mkononi. Tangu 2018 msimamizi anaweza kufunga kundi ili wasimamizi pekee waandike. Kundi la tahadhari lifungwe hivyo, gumzo lihamie kundi jingine. Tangu 2022 anaweza pia kufuta ujumbe kwenye simu za wote. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili umekwisha kuzunguka sana. Usipite mpaka mtu aliye mahali penyewe authibitishe. Onyo litaje mahali na saa. Jina la aliyeona wabaki nalo wasimamizi, maana katika mji huu kumtaja shahidi kunaweza kumgharimu uhai. Wasimamizi wenyewe wawe kadhaa, wa jamii tofauti, ili simu moja ikiibiwa kartye nzima isikose habari.

Kufuta peke yake hakutoshi. Huko Tana Delta, Kenya, baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma ya 2012 na 2013, mradi wa Una Hakika uliwapa wanakijiji namba ya kutuma uvumi. Watu wa kujitolea vijijini waliuchunguza, kisha jibu likarudishwa kwa wananchi. Kurudisha jibu ndiyo sehemu tunayoikwepa. Msimamizi wetu anafuta kimyakimya, na hofu inabaki majumbani bila mtu wa kuikanusha.

Februari 2025, Bukavu ilipotekwa, familia za Uvira zililazimika kuchagua kati ya kubaki na kuvuka kwenda Burundi. Maelfu walivuka. Katika saa kama hizo odio moja ya uongo inaweza kumtoa mama mjamzito nyumbani usiku. Na ujumbe unaomhukumu Mnyamulenge, Mfuliiru, Mvira au Mrundi kwa kabila lake ufutwe mara moja, aliyeutuma atolewe, hata akiwa shemeji wa msimamizi.

Wapo wanaosema kazi hii waachiwe polisi. Tunakataa. Sheria ya Kidijitali ya Kongo ya Machi 2023 inamwadhibu anayeanzisha habari za uongo na anayezisambaza pia, lakini sheria hiyo ilitumika katika kesi dhidi ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera, aliyekamatwa Septemba 2023 na kukaa gerezani miezi sita. Tukishindwa kusafisha makundi yetu, tunaipa serikali kisingizio cha kuyafunga yote, pamoja na lile linalotuonya juu ya Mulongwe.

Msimamizi asiyekuwa na muda wala ujasiri wa kazi hii awakabidhi wengine kundi sasa, kabla ya mvua inayokuja.