MGENI NAYE NI MTU MBELE YA SHERIA

Wazee wetu wamesema: mgeni ni kuku mweupe. Hawakusema hivyo kwa kumdharau, bali kwa kuieleza hali yake. Katika kundi zima la kuku yeye ndiye huonekana kwanza, na mwewe akishuka humshukia yeye. Methali hii twaikumbuka kila tusikiapo khabari ya askari aliyesimamisha watu njiani, akawaacha kumi wapite, akamshika mkono wa kumi na moja kwa sababu ya lafudhi yake, au vazi lake, au sura yake tu.

Leo twataka kusema juu ya haki za mtu huyo wa kumi na moja. Twajua ya kwamba watakuwapo wanachama wenzetu watakaouliza: sisi wenye nchi haki zetu zina mushkeli, vipi tushughulike na haki za wageni? Suali hilo ni la haki, na linastahili jawabu. Jawabu letu ni hili: mlango anaopitia mwenye nguvu kumdhulumu mgeni ni ule ule atakaopitia kesho kumdhulumu mwenyeji. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Wala sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya ugeni. Tarehe 27 Januari 2001 damu ilimwagika Unguja na Pemba katika maandamano. Siku zilizofuata, zaidi ya watu 2,000, aghlabu yao Wapemba, walivuka bahari kwa mashua wakateremka Shimoni, katika pwani ya Kenya. Wavuvi, waalimu, kina mama na watoto wao walilala usiku mmoja wakiwa raia na kuamka asubuhi wakiwa wakimbizi. Baadhi yao walipelekwa hadi kambi ya Dadaab, mbali na bahari, katika ukame wa kaskazini mashariki ya nchi hiyo. Aliyekaa kule anajua uzito wa suali moja dogo la askari: “Kitambulisho chako kiko wapi?” Kwa mwenyeji hilo ni suali. Kwa asiye na karatasi laweza kuwa hukumu.

Sasa natutazame yaliyotokea katika nchi hiyo hiyo miaka kumi na mitatu baadaye. Tarehe 31 Machi 2014 mabomu yaliua watu katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Kuua watu wasio na khatia ni uovu, na hapana serikali duniani isiyopaswa kuwasaka wauaji. Lakini lililofuata halikuwa msako wa wauaji peke yao. Katika Aprili mwaka huo ilianza operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Askari waliingia majumbani usiku na mchana. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa. Na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa kuwa mahali pa kuwazuia na kuwachuja watu. Mamia walirejeshwa Somalia. Taasisi ya Kenya yenyewe inayosimamia mwenendo wa polisi, ijulikanayo kwa jina la IPOA, ilitoa ripoti katika mwaka huo huo. Ilieleza habari za watu waliozuiwa zaidi ya saa 24 bila ya kufikishwa mahakamani, vyumba vya mahabusu vilivyojaa kupita kiasi, na malalamiko ya hongo.

Na hapa pana somo ambalo twaomba lisipite bure. Katika waliokamatwa walikuwamo raia wa Kenya, waliozaliwa Kenya, wazee wao wakazaliwa Kenya. Kosa lao ni kwamba walifanana na wageni. Basi yule aliyedhani kuwa mgeni akivuliwa haki zake yeye mwenyeji amesalimika, aende akawaulize hao.

Je, sheria inasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imechagua maneno yake kwa makini. Inapotaja kupiga kura na kuunda vyama, husema “kila raia”. Lakini inapotaja usawa mbele ya sheria katika kifungu cha 27, uhuru na usalama wa nafsi katika kifungu cha 29, na faragha katika kifungu cha 31, haisemi raia. Husema “kila mtu”. Kifungu hicho cha 31 ndicho kinachomlinda mtu asipekuliwe mwili wake, nyumba yake wala mali yake ovyo ovyo. Na kifungu cha 49 kinamtaja mtu aliyekamatwa, awe nani na atoke wapi: aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoifahamu, aweze kunyamaza akitaka, awasiliane na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, isipokuwa pale saa hizo zinapomalizikia nje ya siku za kazi.

Tofauti hii ya neno moja si hila ya mawakili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 nayo, katika vifungu vya 15 na 16 juu ya uhuru wa mtu na hifadhi ya nafsi na maskani yake, inataja “kila mtu”. Polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Kwa hivyo askari anayemsimamisha mgeni Darajani au Chake Chake hawezi kujidai kuwa maneno hayo hayamhusu.

Wako wanaosema kwamba haki za karatasini hazina faida. Sisi hatukubali. Mwezi wa Disemba 2012 Serikali ya Kenya ilipotoa amri wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe makambini, watu walikwenda mahakamani, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja aliitengua amri hiyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliithibitisha hukumu yake. Hatusemi kwamba kila safari mnyonge hushinda. Amri nyengine ya namna hiyo ilitolewa Machi 2014, na mara hiyo Mahakama Kuu haikuitengua. Lakini asiyeijua haki yake hafiki hata kwenye mlango wa mahakama.

Mfano mwengine watoka Kongo. Bwana Ahmadou Sadio Diallo, mtu wa Guinea, aliingia nchi hiyo mwaka 1964, akafanya biashara na akakaa zaidi ya miaka thelathini. Mnamo Novemba 1995 alikamatwa, na tarehe 31 Januari 1996 akatolewa nchini. Guinea ilimtetea mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 30 Novemba 2010 mahakama hiyo ilihukumu kwamba Kongo ilivunja haki zake kwa namna ilivyomkamata, ilivyomzuia na ilivyomfukuza, na pia kwa kutomjuulisha haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wa nchi yake. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kulipa dola 95,000. Miaka kumi na sita ilipita baina ya kufukuzwa na fidia. Haki ilichelewa, lakini ilifika. Na ilifika kwa sababu palikuwa na maandishi ya kushikilia.

Basi natuyaweke wazi yale ambayo mgeni anayeishi katika nchi ya watu, na jirani anayemtakia kheri, yafaa wayajue.

Kwanza, mgeni ana wajibu wake. Nchi ina haki ya kujua nani ameingia na kwa ruhusa gani. Pasi na kibali cha kukaa viwe halali, na afisa mwenye mamlaka akiviomba avioneshe kwa adabu. Kukimbia, kutukana au kupigana na askari hakumfai mtu kitu, hata akiwa na haki zote za ulimwengu.

Pili, kuonesha karatasi si sawa na kupekuliwa, na kusimamishwa si sawa na kukamatwa. Ni haki ya mtu kuuliza kwa upole: “Bwana Afisa, nimekamatwa, au niko huru kwenda? Sababu ni ipi?” Suali hilo si ujeuri. Asili ya rangi, lafudhi au vazi si ushahidi wa kosa.

Tatu, nyumba ni sitara. Anayekuja kupekua aulizwe hati yake, au sheria anayoitegemea pasipo na hati. Mwenye nyumba asimzuie kwa nguvu, bali aseme wazi mbele ya mashahidi kwamba hakuridhia, kisha ayahifadhi maneno hayo. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga heshima yake. Na kinachochukuliwa kiandikwe: katika Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya Tanzania Bara, afisa anayekamata mali hutakiwa kutoa stakabadhi yenye saini. Pesa iliyochukuliwa bila ya stakabadhi haikukamatwa, imeporwa.

Nne, Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963 juu ya mahusiano ya kikonseli, katika kifungu cha 36, yanampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuambiwa kwamba aweza kutaka konseli wa nchi yake ajuulishwe. Angalieni maneno hayo: aweza kutaka. Mkimbizi aliyeihama serikali yake hapaswi kulazimishwa kupelekewa mtu wa serikali hiyo hiyo. Lau ndugu zetu wa Shimoni wangelazimishwa hivyo mwaka 2001, tusingepata kusahau.

Tano, watu hawafukuzwi kwa makundi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, katika kifungu cha 12, umekataza kufukuza wageni kwa jumla kwa ajili ya taifa, rangi, kabila au dini yao. Kila mmoja ana khabari yake, na kila mmoja asikilizwe kwa khabari yake.

Tumalizie kwa jambo la nyumbani. Neno “mgeni” katika visiwa hivi si neno jepesi. Katika siasa za kabla ya 1964 lilitumiwa kama rungu, kila upande ukimnyooshea mwengine kidole, na matunda yake tuliyavuna sote kwa machozi. Chama kinachodai haki hakiwezi kuliokota rungu lile lile na kulipaka rangi mpya. Tukimwona fundi wa kutoka ng'ambo, au mchuuzi wa kutoka bara ya mbali, au kijana wa hoteli asiyejua Kiswahili, amezungukwa na askari na mfuko wake umemwagwa chini, tusipite tukicheka. Tusimame kwa umbali wa adabu, tushuhudie, tumfasirie kama twajua lugha yake, tuandike saa, mahali na namba ya askari.

Haya yasomwe katika matawi na yazungumzwe barazani. Wapo watu wetu Maskati, Dubai, Mombasa na London, na kila mmoja wao ni kuku mweupe mahali alipo. Twamtakia kila mmoja wao askari mwenye kuijua sheria, na mpita njia mwenye kujali. Tunaloliomba kwa wetu huko, natuwe wa kwanza kulitenda hapa.