UFUNDI KIJIJINI: Lori Haliwaki. Tuanzie Wapi?

Mwezi huu tunazungumza juu ya lori la zamani la petroli. Vijiji vingine bado vina Bedford au Land Rover za zamani. Magari haya yamezeeka, lakini bado yanabeba pamba, mahindi na saruji. Siku nyingine yanabeba mgonjwa.

Sikiliza habari ya kijiji kimoja. Lori lao lilijaa magunia ya pamba, tayari kwenda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Dereva akapiga stata. Lori kimya. Akasema, "Betri imekufa." Wanakijiji wakachanga fedha. Mtu akapanda basi kwenda mjini kununua betri mpya. Akarudi siku ya tatu. Betri mpya ikafungwa. Lori bado kimya!

Usiku ule mvua ikanyesha, na turubai lilikuwa na matundu. Asubuhi alikuja fundi mzee. Aliinama chini ya lori akashika waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chasisi. Waya ulikuwa umelegea na kushika kutu. Fundi akausafisha kwa msasa, akaukaza kwa spana. Lori likawaka. Lakini pamba ilikuwa imelowa, na bei yake ikashuka. Fedha za betri nazo zilikuwa zimekwisha kwenda.

Ndugu msomaji, kosa lilikuwa nini? Walinunua kabla ya kupima. Basi tujifunze kupima.

UMEME UNAPITA WAPI?

Injini ya petroli huwaka kwa cheche. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo maelezo ya leo juu ya cheche ni ya lori la petroli tu. Maelezo juu ya betri ni ya magari yote.

Umeme hutoka kwenye betri. Hupita kwenye swichi ya ufunguo, huingia kwenye koili, kisha hufika kwenye pointi. Pointi ni vyuma viwili vidogo ndani ya distributa. Hugusana na kuachana. Kila zinapoachana, koili hutoa umeme mkali sana, maelfu ya volti. Umeme huo hupita katika waya wa katikati ya kifuniko cha distributa. Rota huugawa kwa kila plagi kwa zamu. Plagi hutoa cheche, na petroli huwaka.

Njia hii ni kama mfereji wa maji. Ukiziba mahali pamoja, shamba lote hukauka. Kazi yako ni kutafuta mahali palipoziba.

KWANZA: SIKILIZA

Washa taa kubwa. Halafu piga stata. Angalia na kusikiliza.

1. Taa zinafifia au zinazimika, na injini haizunguki. Betri imeishiwa nguvu, au nyaya za betri ni chafu au zimelegea.

2. Taa zinawaka vizuri, lakini injini haizunguki. Angalia stata, swichi yake na nyaya zake.

3. Injini inazunguka kwa nguvu, lakini haiwaki. Betri ni nzima. Hakikisha petroli ipo kwenye tangi. Kama ipo, tafuta cheche.

BETRI

Angalia vichwa vya betri. Je, vina unga mweupe au wa kijani? Unga huo huzuia umeme. Fungua kwanza waya unaokwenda kwenye chasisi. Wakati wa kufunga, waya huo uwe wa mwisho. Ukifanya kinyume, spana ikigusa bodi itatoa cheche kubwa.

Osha vichwa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo. Vizibo vya betri viwe vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yataharibu betri. Sugua kwa msasa, kaza, halafu paka grisi kidogo juu. Safisha pia upande wa pili wa waya, pale unaposhikana na chasisi. Hapo ndipo watu wengi husahau.

Betri ya volti 12 ina vyumba 6. Fungua vizibo uangalie. Maji yafunike vibao vya ndani. Yakipungua, ongeza maji safi ya betri. Usiongeze tindikali. Wala usiongeze maji ya kisima, kwa sababu yana chumvi.

HATARI! Betri hutoa gesi inayolipuka. Usiangalie ndani ya betri kwa kiberiti wala kibatari. Usivute sigara karibu. Betri ikilipuka, tindikali huingia machoni, na mtu anaweza kupofuka. Tindikali ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi, kisha nenda zahanati.

Je, betri inakufa kila baada ya siku chache? Angalia mkanda wa feni. Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukibonyea sana umelegea, na dainamo haichaji vizuri. Taa nyekundu ya chaji ikibaki inawaka wakati injini inanguruma, usiendelee na safari ndefu.

TAFUTA CHECHE

Weka gia huru. Vuta breki ya mkono. Weka mawe kwenye magurudumu. Petroli isiwe imemwagika karibu.

Hatua ya kwanza. Fungua plagi moja. Irudishe kwenye waya wake, kisha ilaze juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake. Usiishike kwa mkono. Mwenzako apige stata. Ukiona cheche ya buluu yenye nguvu, umeme unafika. Ukiona cheche dhaifu ya njano, au usipoona kitu, endelea.

Hatua ya pili. Chomoa waya wa katikati ya kifuniko cha distributa. Ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira. Ncha iwe karibu na chuma cha injini, kama nusu sentimita. Mwenzako apige stata tena. Ukiona cheche nzuri hapa, koili ni nzima. Ubovu uko kwenye kifuniko, rota au nyaya za plagi. Fungua kifuniko. Kama kuna unyevu, kausha kwa kitambaa safi. Kama kuna ufa au mstari mweusi, cheche inatoroka hapo. Nunua kifuniko kipya.

Hatua ya tatu. Kama hakuna cheche kwenye waya wa katikati, angalia pointi. Zungusha injini mpaka pointi zigusane. Washa ufunguo. Achanisha pointi taratibu kwa bisibisi. Ukiona kicheche kidogo, umeme unafika kwenye pointi. Basi shuku koili au kondensa. Usipoona kitu, umeme unakatika kabla. Safisha pointi, halafu fuata waya mmoja mmoja kurudi kwenye swichi.

Safisha pointi kwa tupa ndogo au msasa laini, ukiwa umezima ufunguo. Pangusa vumbi lote. Zikiachana kabisa, nafasi yake katika injini nyingi za namna hii ni kama milimita 0.4. Soma kitabu cha gari lako. Pointi zikiungua tena upesi, badilisha kondensa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Nyaya za plagi zina mpango. Usizing'oe zote pamoja. Ng'oa mmoja, safisha, rudisha, ndipo ung'oe mwingine.

Usiache ufunguo umewashwa wakati injini imezimika. Koili hupata joto ikaungua.

Fyuzi ikikatika, usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi ni mlinzi. Ukimwondoa mlinzi, nyaya zitaungua, na lori pamoja na mzigo vitateketea. Tafuta kwanza kilichoikata.

Mwisho, ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Nunueni daftari la lori. Andika tarehe, ubovu uliotokea, na kilichofanyika. Andika siku plagi ziliposafishwa na siku betri iliponunuliwa. Fundi akija, atasoma. Dereva akibadilika, mpya atasoma. Na mtu akisema, "Tuchange fedha za betri nyingine," fungueni daftari kwanza.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MANENO YA KUKUMBUKA

Cheche: moto mdogo wa umeme unaoruka.
Chasisi: chuma kikubwa kinachobeba bodi ya gari.
Kondensa: kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue.
Rota: kifaa kinachozunguka ndani ya distributa na kugawa umeme.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini betri mpya haikusaidia kijiji kile?
2. Waya gani wa betri hufunguliwa kwanza? Kwa nini?
3. Taa zinawaka vizuri na injini inazunguka, lakini haiwaki. Utaanza kuangalia nini?
4. Nani atatunza daftari la lori katika kijiji chenu?

Mwezi ujao: Petroli chafu na kabureta iliyoziba.